Chuo kipi kwa binti anayetaka kuwa daktari?

SWALI: Asalamu alaykum. Binti yangu amemaliza kidato cha nne hapa Lamu na kupata A-, na walimu wake wanasema kwa alama hizo anaweza kuomba udaktari katika vyuo vikuu vya umma hapa Kenya. Wakati huohuo amekubaliwa na vyuo viwili vya Marekani. Kimoja ni kidogo, chenye wanafunzi wapatao elfu mbili, nacho kitamlipia kila kitu. Kingine ni kikubwa, kina chuo chake cha udaktari na hospitali, lakini kitamlipia nusu tu ya ada. Ami zake wanashauri tuuze shamba letu lililoko Hindi ili aende hicho kikubwa, kwa kuwa akishaingia humo udaktari atakuwa ameupata. Mwenyewe asema nia yake ni kuja kutibu watu wa kwao. Tufanyeje?
Mama wa binti, Langoni

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Kabla ya lolote, nakusihi shamba lisiuzwe. Ami zake wana nia njema, lakini wanaupima utaratibu wa Marekani kwa kipimo cha hapa kwetu, ambako mwanafunzi hutoka sekondari akaingia udaktari moja kwa moja, akasoma miaka sita, kisha akafanya mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini. Huko, ukiacha programu chache, mambo ni mengine. Chuo cha udaktari cha Johns Hopkins kilipofunguliwa mwaka 1893 kilidai kila anayeingia awe na shahada, na baada ya ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 kuhusu vyuo vya udaktari masharti yalizidi kukazwa kote nchini. Leo mwanafunzi husoma shahada ya kwanza kwa miaka minne, akafanya MCAT, yaani mtihani wa kuombea udaktari, akaomba upya, akasoma udaktari miaka mingine minne, na baada ya hapo akafanya mafunzo ya hospitalini yasiyopungua miaka mitatu. Kwa hiyo chuo kile kikubwa hakijampa binti yako nafasi ya udaktari, na siku ya kuiomba atapanga foleni pamoja na waliosoma kwingineko.

Ikiwa ni lazima aende Marekani, mimi ningechagua kile kidogo, na si kwa sababu ya ufadhili peke yake. Anayeomba udaktari anaweza kuwa amesomea fani yoyote, mradi awe amepitia biolojia, kemia, fizikia na, katika vyuo vingi, biokemia, pamoja na kazi za maabara. Somo linalowavunja moyo wengi ni kemia ogani. Katika chuo kikubwa huenda akalisoma katika ukumbi wa watu mia tatu, na maabara ikasimamiwa na mwanafunzi wa shahada ya juu. Katika chuo kidogo, mara nyingi mhadhiri mwenyewe ndiye anayesimama kando ya meza yake, akaona alipokosea kupima na jinsi alivyorudia jaribio hadi likakubali. Mhadhiri huyo ndiye atakayeweza kumwandikia barua ya mapendekezo yenye uzito. Ni kweli kwamba utafiti ni mwingi zaidi katika vyuo vikubwa, na wapo wanaong'ara huko, lakini gredi za juu na walimu wanaomjua vitamfaa kuliko jengo la hospitali lililo jirani.

Hata hivyo, chuo kikijisifu kwamba asilimia 90 ya waombaji wake huingia udaktari, msikubali haraka. Kwa nchi nzima wanaopata nafasi ni kama wawili katika kila waombaji watano, na vipo vyuo ambavyo kamati zao hukataa kuwaandikia barua wanafunzi wenye gredi za chini, hivyo wengi huachia njiani na hawahesabiwi. Ulizeni ni wangapi walioanza mwaka wa kwanza wakiutaka udaktari, na katika waliofika mwisho ni wangapi waliokuwa wageni wasio raia.

Hilo la wageni ndilo linalonitia hofu zaidi. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei wanafunzi wa kigeni kabisa, na baadhi ya vinavyowapokea hudai ada ya miaka yote minne iwekwe akibani mapema. Katika vyuo vingi vya binafsi ada ya mwaka mmoja hupita dola 60,000, na mikopo ya serikali kuu mgeni wa viza ya masomo haipati. Ufadhili wa chuo kile kidogo utakuwa umekwisha siku atakapopokea shahada ya kwanza.

Kwa hiyo, kama nia yake ni kutibu watu wa kwao, asomee hapa. Akishahitimu, bado anaweza kufanya USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, na kuomba mafunzo ya ubingwa huko Marekani, akiwa tayari ni daktari. Muulizeni kwa upole: akikosa udaktari, je, shahada ya biolojia itamridhisha? Akijibu ndiyo kwa moyo mweupe, safari ya chuo kidogo haina hasara.

Vyuo vingi vya Marekani hutaka jibu kufikia tarehe 1 Mei. Aandikie kile kidogo kabla ya siku hiyo, aulize kama wanaweza kumwekea nafasi na ufadhili wake kwa mwaka mmoja, na maombi ya KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo hapa Kenya, yakifunguliwa aweke udaktari katika chaguo la kwanza.