Muulize Mwalimu: Kaandika "Kwa hiyo?" kwa wino mwekundu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tano, shule ya bweni huku nyanda za juu kusini. Mwalimu wetu katupa kazi ya likizo, andiko la utafiti la kumshawishi mtu, kurasa sita, na yale mazuri yatasomwa mbele ya bodi ya shule. Mimi nikachagua "Athari za ukataji miti Tanzania", nikaanza na maana ya mti, umuhimu wa miti, athari kumi, suluhisho. Nikamtumia kurasa tatu za mwanzo kwa simu ya mzee, akarudisha picha, pembeni kaandika kwa wino mwekundu "Kwa hiyo?" basi, hamna kingine. Sa sijaelewa anataka nini maana kila nilichoandika ni kweli kabisa. Na kurasa tatu zilizobaki sina cha kujazia. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mwalimu wako mkifungua mnunulie soda, maana wengi wetu tungekuwekea tiki na 14 kati ya 20 tukaendelea na rundo.

Shida yako si uongo, shida ni kwamba hamna anayekubishia. Nani atasimama kwenye bodi aseme kukata miti ovyo ni kuzuri? Hata mchoma mkaa mwenyewe ukimuuliza atakwambia mvua zimepungua siku hizi kwa sababu ya miti. Sasa unamshawishi nani? Andiko la kushawishi lazima liwe na mtu upande wa pili, mtu mwenye akili zake, ambaye akisikia sentensi yako anakunja uso. Kama hayupo hiyo ni insha ya darasa la saba, imerefushwa tu.

Kwa hiyo tafuta ugomvi ulio karibu na wewe. Nakupa mfano kwa sababu mada yako ya miti inanipeleka moja kwa moja jikoni kwenu. Mnapikiwa kwa kuni, sivyo? Ukiandika "shule yetu iache kuni" utadhani umepata hoja, kumbe serikali ilishasema zamani, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliambiwa ziachane na kuni na mkaa na tarehe ya mwanzo ikawekwa 31 Januari 2024. Halafu Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Sasa kama agizo lipo na lori la kuni bado linaingia getini, swali lenye moto ni jingine: inashindikana wapi? Nani alipe? Tuanze na gesi, au mkaa mbadala kama ule wa STAMICO, shirika la madini la serikali, unaotokana na makaa ya mawe, au umeme? Tuhamishe jiko zima siku moja au tuanze na uji wa asubuhi?

Hapo ndo unapata sentensi moja. Mfano: "Shule yetu ihamishie uji na chai kwenye gesi muhula huu, na ugali na maharage yafuate baada ya mwaka mmoja." Sisemi ndo jibu, mimi jikoni kwenu sijawahi kufika. Ila ipime hivi, mwambie mpishi mkuu, kisha mwambie mhasibu. Wakiitikia wote kwa kichwa, itupe. Mmoja akikucheka akasema "we mtoto we, unajua mtungi mkubwa shilingi ngapi?" ishike hiyo hiyo, usiiachie.

Utafiti sasa. Watoto mkisikia utafiti mnakimbilia Google. Hapana, anza na miguu. Shule ikifungua omba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, kaa jikoni asubuhi moja tu kuanzia saa kumi alfajiri wanapowasha moto wa uji, na daftari. Angalia moshi unatokea wapi, mama wa jikoni anafuta macho kwa pindo la kanga mara ngapi kabla uji haujachemka, hesabu magogo yanayoingia chini ya sufuria moja. Muulize lori likimwaga kuni zinakaa siku ngapi. Kisha nenda kwa mhasibu, kwa heshima, muulize lori bei gani. Tuseme (nasema tuseme, usije ukaandika yangu) lori ni laki tano na linakaa wiki tatu, mnalishwa wanafunzi 600, basi unagawanya unapata gharama ya kuni kwa mwanafunzi kwa siku, ni kama shilingi 40. Hiyo namba hakuna kitabu kinayo duniani. Ni yako. Ukiitaja mbele ya bodi wazee wataacha kuangalia simu.

Ila namba ya kwako peke yake haitoshi, ndo unaingia maktaba na intaneti kutafuta za nje. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani, kwa sehemu kubwa wa kupikia, uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Nzuri, ila uiweke na mwaka wake na useme ni makadirio. Kuhusu misitu utakutana na mtego, andiko moja litakwambia Tanzania inapoteza hekta 372,816 kwa mwaka, lingine hekta 469,420. Si kwamba mmoja kadanganya, wamepima miaka tofauti na kwa njia tofauti. Mwanafunzi mvivu anachagua kubwa. Wewe andika umetoa wapi na ni ya miaka ipi, na ukiweza sema zote mbili, msomaji atakuamini hata kwenye mambo mengine.

Usinakili kwenye daftari mfululizo, utapotea. Chukua karatasi, kata vipande vinne vinne, kila kipande habari moja tu, nyuma yake umeitoa wapi na ukurasa. Maneno ya mtu ukiyachukua kama yalivyo weka alama za kunukuu hapo hapo kwenye kipande, maana baada ya wiki utasahau ni yako au yake na hapo ndo watu wanaitwa wezi bila kukusudia. Ukifikisha vipande kama 30 vimwage kitandani. Vinavyofanana viweke pamoja. Utaona fungu moja nene na fungu jingine lina kipande kimoja kinachojikongoja, hicho rudi ukakitafutie wenzake au kiache. Hiyo ndo mifupa ya andiko lako, huhitaji kingine.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo kila mwaka nawaona wanafunzi wanaikwepa. Mhasibu. Mpinzani wako ana hoja nzito kuliko unavyodhani. Kuni anachukua kwa mkopo, mzee wa lori anamwaga leo analipwa ada zikiingia, gesi unalipa kwanza ndo mtungi unashuka. Yale masufuria makubwa yamekaa kwenye mafiga miaka yote, majiko ya gesi ya kuyabeba ni hela nyingine. Na gesi ikiisha Jumatano usiku watoto 600 wanaamka na nini? Haya yote yaandike. Yaandike vizuri hadi mhasibu mwenyewe akisoma aseme "ndivyo hasa". Ukimpunja, ukamfanya mjinga ili umpige kirahisi, bodi itajua, wao ndo wanaosaini hundi bana. Ukishampa haki yake ndo unajibu, moja baada ya nyingine, na pale usipo na jibu kubali kwamba hapo kweli kuna shida. Ndo maana ile sentensi yangu ya mfano ilianza na uji. Uji na chai vinachemka haraka, maharage yanakula moto saa nyingi. Usiweke sehemu hii mwishoni kabisa kama kiraka, iweke katikati, ukimaliza kumjibu umalizie na hoja yako yenye nguvu kuliko zote.

Utangulizi andika mwisho. Na maana ya mti futa, hakuna mjumbe wa bodi asiyejua mti. Anza na yule mama na pindo la kanga.

SWALI: Habari mwalimu, mimi mama wa watoto watatu nipo Ohio, Marekani. Wa pili yupo grade ya kumi, shule imempa hiyo hiyo kazi ya kuandika kushawishi, wanataka mambo ya MLA. Mimi nilisoma Tanga, hatukufundishwa haya na Kiingereza changu cha kazini tu. Namsaidiaje?

JIBU: Dada yangu, salama kabisa. MLA isikutishe, ni utaratibu tu wa kuonyesha umetoa wapi, jina la ukoo la mwandishi na namba ya ukurasa ndani ya mabano, halafu orodha mwisho. Hilo mwalimu wake na mkutubi wa shule watamwonyesha, ndo kazi yao na huko wapo. Wewe kazi yako ni hii: ukiwa unamenya vitunguu mwite jikoni, mwambie akueleze hoja yake kwa Kiswahili, dakika mbili. Akianza "yaani mama... it's like..." bado hana hoja. Akikueleza ukaelewa, mbishie. Kwa nguvu kabisa, kama unavyobishana na wifi yako. Vile atakavyokujibu mwambie aende akaviandike.

SWALI: Mwalimu, nikiiambia AI iniandikie halafu nikabadilisha maneno maneno si itakuwa yangu?

JIBU: Hapana. Na wala huyo akili mnemba usimwamini kwenye vitabu. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea andiko tamu, lina marejeo manane. Kimoja kikanivutia, kina mwandishi, mwaka, hadi mji wa mchapaji, nikataka nikisome. Tukakitafuta mimi na yeye mchana mzima, tukampigia mkutubi, hamna. Hakijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Kijana akabaki anaangalia viatu vyake. Nikampa wiki mbili arudie, akaandika kuhusu foleni ya maji bombani kwao, vyanzo vitatu tu na mmoja ni bibi yake, nikampa 17.