Anza na mizani: kwa anayetaka kuunda na kurusha ndege ya rimoti

Ndege yangu ya kwanza ilikaa hewani kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Niliijenga wiki tatu, kila usiku baada ya kazi. Nilipoirusha ikanyanyua pua, ikapoteza mwendo, ikaangukia bawa la kushoto. Mota ilikuwa nzima, betri nzima, rimoti inaitikia. Kosa lilikuwa kwamba betri niliiweka nyuma mno, kwa sababu ndipo ilipoenea vizuri. Tangu siku hiyo, kila kijana anayenijia akitaka kujifunza namwanzishia kwenye mizani, yaani uzito wa pua na wa mkia kulingana, kabla hatujaongea habari za mota wala bei.

Pima upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, pale linapokutana na kiwiliwili. Kama ni sentimita 20, piga alama ya kalamu chini ya bawa, sentimita 5 kutoka ukingo wa mbele, kushoto na kulia. Ndege ikiwa imekamilika, betri ndani na pangaboi mahali pake, inyanyue kwa ncha za vidole viwili kwenye zile alama. Ikilala sawa au ikiinamisha pua kidogo, mizani imekaa. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele, upime tena. Betri ikigota, bandika sarafu puani. Usirushe ndege yenye mkia mzito kwa kutumaini kwamba utaituliza kwa mikono. Hata wazoefu inawashinda. Yenye pua nzito kidogo itakuwa mvivu wa kupanda, lakini itakutii.

Jambo hili ni la zamani kuliko mota. Mwaka 1804 Mwingereza George Cayley alitengeneza ndege ndogo isiyo na injini. Bawa lake lilikuwa tiara iliyofungwa juu ya fimbo, mkia wake uliweza kurekebishwa, na kulikuwa na kizito cha kusogeza ili mizani ipatikane. Nilipoujua mpango wake nilifurahi sana, maana wengi wetu tumekua tukirusha tiara, Wazanzibari kishada, na tunajua inavyogoma uzi ukifungwa mahali pasipo pake.

Ukaguzi wa pili hauzidi dakika moja. Simama nyuma ya ndege, pua ikitazama mbele yako. Vuta kijiti cha eleveta, kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua, kuja kwako: kibao hicho kinyanyuke juu. Peleka usukani kulia: kibao kilichosimama mkiani kigeukie kulia. Sema kwa sauti unachokiona. Rafiki yangu aliacha ukaguzi huu siku moja kwa sababu jua lilikuwa linazama. Sevo moja, yaani kimota kidogo kinachosogeza kibao, ilikuwa inafanya kazi kinyume, na kila alipojaribu kuiokoa ndege alikuwa anaisukuma ardhini. Kurekebisha ni kugeuza swichi moja tu kwenye rimoti. Kazi yote ya mezani uifanye pangaboi likiwa limetolewa, kwa sababu mota ikishtuka ghafla inakata vidole.

Najua moyo unataka ndege ya kivita. Isubiri. Ya kwanza iwe na mabawa juu ya kiwiliwili, ncha zake zimeinuka kidogo kama za tai anayeelea, urefu kama mita 1.2 ncha hadi ncha. Umbo hilo hujirudisha lenyewe ukiachia vijiti. Mota, eleveta na usukani vinatosha. Ijenge kwa ubao mwepesi wa povu, uungaji wa mabawa uutie nguvu kwa vijiti vya mishikaki, na utumie gundi ya vijiti inayoyeyushwa kwa moto. Supa glu ya kawaida usiikaribishe kabisa: inayayusha povu jeupe mbele ya macho yako. Bawa lifunge kwa rababendi, usiligandishe, ili likigonga litoke badala ya kuvunjika.

Betri za lithiamu ziheshimu. Ile ya seli tatu huandikwa volti 11.1. Kila seli ikijaa inafika 4.2, na mimi siiruhusu ishuke chini ya 3.5. Ya miliampia-saa 2200 ichaji kwa ampia 2.2, kwa chaja inayosawazisha seli, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na pazia, nawe ukiwepo. Kama hurushi wiki hii, iache kwenye 3.8 kwa seli. Ikivimba, usiitumie tena, hata kama bado inawaka.

Kuhusu mahali, anza na ruhusa. Tanzania vyombo vinavyoruka bila rubani viko chini ya mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, Kenya ni KCAA, na ni vizuri uwaulize utaratibu kabla hujatumia pesa. Anayekaa Kipawa au Ukonga, karibu na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, asirushe mtaani kwake. Ndege zenye abiria zinapita pale pale. Tafuta uwanja mpana usio na nyaya za umeme. Nenda alfajiri, kwa sababu Dar upepo wa baharini ukishaamka haupumziki hadi jioni. Watoto watakuja mbio, hilo halikwepeki, kwa hiyo mpe mmoja mkubwa kazi ya kuwaweka wenzake nyuma yako.

Washa rimoti kwanza, ndipo uchomeke betri. Mwenzako airushe sawa, kuelekea upepo unakotoka, asiielekeze juu. Panda mpaka urefu wa minazi miwili kabla hujajaribu kona yoyote, ili ukikosea pawe na nafasi ya kusahihisha. Kitakachokuchanganya ni pale ndege inaporudi kukuelekea, maana kushoto kwake kunakuwa kulia kwako. Mimi nilifundishwa hivi: ikija kwako, peleka kijiti upande wa bawa lililoshuka, kama unaweka mkono chini yake uliinue. Hili lifanyie mazoezi kwanza kwenye kompyuta. Zipo programu za bure za kuigiza urushaji, na unaweza kuunganisha rimoti yako yenyewe. Saa kumi za huko zitakuokolea ndege mbili au tatu.

Weka saa ya simu ilie baada ya dakika tano. Ikilia, usiongeze mzunguko hata kama unaruka vizuri kuliko siku zote. Geukia upepo, punguza mota taratibu, iache ishuke yenyewe kwenye nyasi. Chomoa betri kwanza, halafu uzime rimoti, kisha gusa mota na betri kwa kiganja. Vuguvugu ni sawa. Kama huwezi kushikilia mkono, pangaboi ni kubwa mno kwa mota hiyo, libadilishe kabla ya kuruka tena.