Nimeombewa mara nne, mbona mzigo hautoki?

*Shangazi, shikamoo. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu hapa Nkuhungu. Nilipokea marejesho ya mikopo, shilingi 480,000, kabla ya siku ya kikao, nikazitumia kwa ada ya mtoto. Kwenye kikao nikasema nilimkabidhi katibu, rafiki yangu. Nikaaminiwa mimi. Akauza cherehani yake akalipa, akajitoa, na sasa hata kanisani anakaa nyuma karibu na mlango. Mikutano ya injili minne nimekwenda mbele, nimeombewa, nimelia. Nikirudi shambani kwangu kwenye zabibu, mzigo uko pale pale. Je, Mungu amenikataa?*
*Mwenye Mzigo, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Hajakukataa. Nalisema hilo kwanza kwa sababu nilipofika kwenye cherehani niliiweka barua yako pembeni, hasira ikanipanda. Lakini Yohana ameandika kwamba tukiziungama dhambi zetu, Mungu "ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu". Hakuweka kiasi. Laki nne na themanini zako zimo.

Sasa tuje kwenye kinachokutesa. Unatubu wizi wa miaka mitatu iliyopita, na huku uongo wako unaendelea mpaka leo asubuhi. Kila Jumapili rafiki yako anapokaa karibu na mlango, unamsingizia upya bila kufungua kinywa. Huo hujautubu, kwa sababu hujauacha. Daudi anasema katika Zaburi ya 32, "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa". Wewe hujapungukiwa maombi, mwanangu. Umenyamaza.

Msome Zakayo taratibu, Luka 19. Watu wanakumbuka alivyoahidi kurudisha mara nne, wanasahau kilichotangulia. Yesu alimwita ashuke kwenye mkuyu na kumwambia leo imempasa kushinda nyumbani mwake, kabla Zakayo hajataja hata senti. Hela zilifuata baadaye. Kwa hiyo usirudishe ili usamehewe. Rudisha kwa kuwa Mgeni ameshaingia nyumbani. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulipoenea Afrika Mashariki, walokole walijulikana kwa hilo hilo: walirudisha walivyoiba, na dhambi wakaitaja kwa jina lake mbele za watu.

Urudishe kwa nani? Kikoba kilishalipwa. Hela hizo ni za rafiki yako. Torati, katika Hesabu 5, ilimtaka mwenye hatia aungame, alipe yote na kuongeza sehemu ya tano. Sikufungi kwa sheria hiyo, ila kipimo chake nakipenda: 480,000, na 96,000 juu yake, jumla 576,000. Na bado hapo hatujahesabu nguo ambazo hakushona miaka mitatu. Kama huna zote, mpe ulizonazo, zilizobaki muandikiane utamalizia baada ya mavuno ya zabibu. Lakini kwenda kwenyewe usisubiri mavuno.

Tena nakusihi, usimtumie kwa M-Pesa kimya kimya. Hela zitarudi, jina lake litabaki chafu. Alichafuliwa mbele ya kikao, asafishwe mbele ya kikao. Mweleze mumeo kwanza, asije akalisikia sokoni. Kisha mwombe mchungaji, au mama mmoja mtu mzima mwenye kifua, akusindikize kwa wanakikundi. Wanaweza kukufukuza, hata kukupeleka polisi. Sikufichi hilo, na bado nakuambia nenda.

Na rafiki yako anaweza kukufungia mlango. Mwache. Ana haki ya kukasirika kwa muda wake, na ole wako umkumbushe habari za kusamehe saba mara sabini. Mstari huo Mungu atamsomea mwenyewe, wewe huna kinywa cha kuusoma.

Mwone yeye kabla ya kikao, wiki hii, mkiwa wawili. Usianze na ada ya mtoto wala shida za wakati ule. Sema, "Zile hela nilizila mimi, na wewe nilikusingizia." Halafu nyamaza, umsikilize mpaka amalize.