Unataka kuchapa vifaa tiba kwa printa ya 3D? Anza na mgonjwa

Vijana wengi wa vyuo hapa Mbeya wakija karakana huuliza kwanza wanunue printa gani. Nunua unayoimudu. Mashine ya kawaida ya nyuzi za plastiki utaizoea ndani ya wiki chache. Kazi kubwa ni kumjua mtu atakayevaa ulichochapa, na kuijua plastiki unayomvalisha.

Tuanze na mtu. Chukua kijana aliyekatwa mguu chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda. Kigutu chake hakitulii. Miezi ya mwanzo uvimbe unashuka na misuli inasinyaa, kwa hiyo soketi (kikombe cha mguu bandia kinachoshika kigutu) iliyomkaa vizuri Januari, Aprili inaweza kupwaya. Hata asubuhi na jioni vipimo havilingani. Usipime mara moja ukaondoka: pima, andika na saa uliyopima, kisha rudia siku nyingine. Na usipime peke yako. Mtaalamu wa viungo bandia, wengi wao wamesomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kule Moshi, anajua mfupa upi usiguswe na sehemu ipi inaweza kubeba uzito. Ujuzi huo hauji na programu yoyote ya kompyuta. Printa inamsaidia mtaalamu huyo pale mgonjwa anaporudi soketi ikiwa imepwaya: faili bado lipo, mnapunguza milimita mbili tatu na kuchapa tena, bila kuchukua tena umbo la kigutu kwa gipsi.

Plastiki sasa. Wengi mtaanza na PLA, aina ya plastiki ya kuchapia ambayo kwa kawaida hutokana na wanga wa mimea kama mahindi (sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna ugeni na zao hilo). Inachapika kwa urahisi, lakini inaanza kulainika ikifika nyuzi joto 60 hivi. Kifaa cha kunyoosha kidole kikiachwa juu ya dashibodi ya gari juani Chunya, utakikuta kimepinda. Mashine ya kutakasia vyombo vya upasuaji hufika nyuzi 121, basi usimkubalie mtu anayekuomba umchapie koleo la upasuaji kwa PLA. Tena printa hujenga kifaa tabaka juu ya tabaka, na kati yake kuna vijifereji vinavyoficha uchafu hata baada ya kuosha. Kisiguse kidonda.

Tabaka hizohizo ndizo zinazoamua kama kifaa kitavunjika. Mpini mnene wa kijiko, wa mgonjwa wa kiharusi ambaye vidole havikazi, ukiuchapa umesimama wima utakatika pale tabaka zinapokutana, siku ya kwanza tu akikandamiza ugali. Ulaze. Plastiki ikifuata urefu wa mpini, inahimili. Mimi namshauri kila anayeanza aanze na vitu vya namna hii: mipini, vishikizo vya kalamu, vifaa vya mazoezi ya mikono. Vikiharibika havimuumizi mtu, na vikifanya kazi mgonjwa anakula mwenyewe.

Hali ya hewa ya huku ina masharti yake. Mvua za Tukuyu zinaingiza unyevu kwenye nyuzi za plastiki. Ukisikia nozeli (mdomo unaotoa plastiki iliyoyeyuka) inatoa mlio wa kukaanga, ujue ni maji. Hifadhi nyuzi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu. Baridi ya Makete inafanya kifaa kinachochapwa kibanduke kwenye kitanda cha printa (bamba kinapojengewa), kwa hiyo ifunike mashine. Umeme ukikatika katikati, printa nyingi zitaendelea zilipoishia, ila kifaa cha kubeba uzito wa mtu kichape upya chote, maana pale kilipokatikia ni dhaifu.

Kama unavutiwa zaidi na kazi za hospitali, jifunze kugeuza picha za CT-Scan kuwa umbo la kuchapa. Programu za 3D Slicer na InVesalius ni za bure. Omba picha zilizokatwa vipande vyembamba, milimita 1 hivi. Za milimita 5 zitakupa taya lenye ngazi kama matuta ya shamba la mlimani. Ondoa jina la mgonjwa kabla faili halijaingia kwenye kompyuta yako. Daktari akilishika taya hilo la plastiki siku moja kabla ya upasuaji, anakunja bamba la chuma likae sawasawa, na mgonjwa anapunguziwa muda wa kulala mezani.

Ukitaka kuuza au kugawa vifaa kwa wagonjwa, waone TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mapema, kabla hujachapa vingi. Na kila unayemvalisha kitu mwambie akivue baada ya saa ya kwanza, muitazame ngozi pamoja. Wekundu ukidumu zaidi ya dakika 20, kifaa kinambana: usimrudishie hadi mtaalamu aione sehemu hiyo na wewe urekebishe faili.