Maswali ya Wasomaji: Piano Imekwenda Wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasikiliza wimbo wa jazi "Bags' Groove" wa Miles Davis, mpiga tarumbeta, na Milt Jackson, mpiga vibrafoni (ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa), kwenye simu. Miles akianza kupiga peke yake, piano inapotea kabisa. Halafu vibrafoni inatetemeka kama kanda iliyochakaa. Je, faili langu ni bovu?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba. Piano kweli haipo hapo. Walipokuwa wakirekodi, tarehe 24 Desemba 1954, katika studio ya Rudy Van Gelder kule Hackensack, New Jersey, Miles alimtaka mpiga piano, Thelonious Monk, asipige nyuma ya tarumbeta yake. Jackson akipokea, utamsikia Monk anarudi.

Chini ya tarumbeta inabaki besi ya Percy Heath na dramu za Kenny Clarke tu, na hapo ndipo simu inapokuponza. Uzi mnene wa besi ya kusimama hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ya simu haiwezi kuitoa sauti nzito kiasi hicho. Besi ikipotea, tarumbeta inaning'inia. Tumia hedifoni au sabufa, ila usifungulie besi hadi mwisho kama kwenye bongo fleva: noti ya chini kabisa ya vibrafoni iko karibu na herzi 175 (mitetemo 175 kwa sekunde), na mngurumo wa sabufa huimeza. Anza katikati, kisha punguza mpaka kila noti ya Heath isikike imejitenga na mwenzake.

Kuhusu mtetemo: chini ya kila kipande cha chuma cha vibrafoni kuna bomba, na kwenye mdomo wa bomba kuna kisahani kinachozungushwa na mota, kikifungua na kufunga. Lionel Hampton, mpiga vibrafoni mwingine, alizungusha mara 10 hivi kwa sekunde. Jackson alishusha hadi mara 3.3, ndiyo maana noti zake ndefu zinapumua taratibu, na ndio uzuri wake wote. Ukitaka uhakika, isikilize besi. Ikiyumba nayo, rekodi ina kasoro. Ikitulia huku vibrafoni ikitetemeka, hiyo ni mota.

SWALI: "Bags' Groove" ilirekodiwa mara mbili, na toleo la pili ni bora, halichoshi. Lakini kwa nini santuri yangu ina sauti nzito upande mmoja tu?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Rekodi asili ni mono, yaani sauti ileile kwenye spika zote mbili. Baadhi ya santuri zilizotolewa upya baadaye ziligawanywa kwa mashine, sauti nzito huku, nyembamba kule, ili zionekane stereo, yaani zenye sauti tofauti kila upande. Kibonye cha mono kwenye amplifaya kitapunguza tatizo, hakitalimaliza. Ukinunua nyingine, hakikisha jalada limeandikwa mono.

Kuhusu ubora, hatukubaliani nawe. Toleo la kwanza lina dakika 11 hivi, la pili 9 na ushee, lakini dakika hizo za ziada zina kazi. Hesabu mizunguko ya vipimo 12, kila kipimo mapigo manne, kisha mfuate Monk anapopokea baada ya Jackson: anashika noti chache tu, anazigeuza, anaacha nafasi tupu, anazirudia mahali usipozitarajia.