Kujaribu Proton Mail bila kuikata Gmail

SWALI: Gmail yangu inakaribia kujaa, na nasikia Proton Mail ni salama zaidi. Nataka kuijaribu, ila benki, chuo na wateja wote wanaijua anwani ya zamani. Nihame moja kwa moja au nijaribu kwanza? Na nikimwandikia mtu wa Gmail, barua inabaki siri?

JIBU: Jaribu kwanza, ila kama kinachokusumbua ni nafasi, Proton ya bure si dawa. Gmail inakupa GB 15 pamoja na Drive na picha. Proton ya bure inaanza na MB 500 na kufika GB 1 ukikamilisha hatua chache za mwanzo. Kwa hiyo safisha Gmail kabla ya yote. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika has:attachment larger:10M, futa usivyovihitaji, halafu ondoa na vilivyomo kwenye pipa la takataka. Usipofanya hivyo vitaendelea kula nafasi kwa siku 30. Gmail ikijaa kabisa haipokei barua mpya, na kisichopokelewa hakiwezi kuelekezwa kwingine.

Ukishafungua anwani mpya, ingia Gmail kwa kompyuta, maana programu ya simu haina kipengele cha kuelekeza barua zote kwenda anwani nyingine. Nenda kwenye mipangilio, kichupo cha Forwarding and POP/IMAP, uongeze anwani ya Proton. Google itatuma ujumbe wa uthibitisho huko. Ukishathibitisha, rudi uwashe uelekezaji na uchague kubakiza nakala ndani ya Gmail. Wengi wanathibitisha tu, wanasahau kurudi kuwasha, kisha wanalalamika barua haziji. Barua zilizoangukia kwenye spamu hazielekezwi, kwa hiyo chungulia huko mara mbili tatu kwa wiki.

Wateja uwajibu kupitia Gmail ileile kipindi chote cha majaribio. Ukiwajibu kutoka Proton wataona anwani mpya, na baadhi yao wataanza kuitumia kabla hujaamua kubaki nayo.

Kuhusu siri: barua ya Proton kwenda Proton hufungwa kwa msimbo tangu kwako hadi kwa mpokeaji. Ikienda Gmail inalindwa njiani tu, na Google wana uwezo wa kuisoma ikishafika. Ukitaka ifungwe kweli, tumia kitufe cha kuweka nenosiri juu ya ujumbe: mpokeaji atapata kiungo, atafungua kwa nenosiri ulilompa. Mpe kwa simu, si kwa barua pepe nyingine. Kichwa cha barua hakifungwi namna hiyo hata kati ya watumiaji wa Proton wenyewe, basi usiandike pale namba ya akaunti wala jina la ugonjwa.

Linalowaumiza watu zaidi ni nenosiri. Kwa Gmail, ukisahau unarejesha akaunti na barua zako unazikuta. Kwa Proton unaweza kurudishwa kwenye akaunti kupitia simu au barua pepe ya akiba, lakini barua za zamani zikabaki zimefungwa, kwa sababu nenosiri lilelile ndilo linalolinda ufunguo wake. Siku ya kwanza kabisa, nenda kwenye mipangilio ya urejeshaji utengeneze fungu la maneno 12 la kuzifungulia barua hizo ukisahau nenosiri, uyaandike kwenye karatasi. Kuyapiga picha kwa simu inayohifadhi picha zake Google ni kuyapeleka kulekule unakokimbia.

Ukiridhika baada ya mwezi au miwili, anza kubadilisha anwani kwenye majarida na maduka ya mtandaoni, kisha chuo. Benki iwe ya mwisho, na kabla hujatoka kwenye akaunti yao hakikisha ujumbe wao wa majaribio umeingia Proton. Gmail usiifute: huduma uliyoisahau itakuja kuomba uthibitisho huko. Ingia humo mara mojamoja, kwani Google huweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2. Proton ya bure nayo isikae mwaka mzima bila kuguswa.