Ukijua kompyuta, tupa ya nini?

Akinyi mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi hapa Kisumu hatujambo, ila mvua imezidi. Swali lako nimelipata: kama utajua kuchora pete na hereni kwa kompyuta, na printa ya 3D, ile inayochapa vitu badala ya karatasi, ikakutolea umbo lake, kuna haja gani ya kukaa mezani na tupa?

Kompyuta jifunze, tena upesi. Bi harusi akitaka pete, unamwonyesha picha kwenye simu kabla hujayeyusha hata gramu moja. Programu inakupa ujazo. Zidisha sentimita za ujazo kwa 10.4, umejua uzito wa gramu za fedha ya 925 (sehemu 925 za fedha katika kila 1000) itakayotumika, na bei unaitaja bila kubahatisha. Mtu akiagiza jozi nyingi zinazofanana, hapo mkono wangu haushindani.

Lakini printa haitoi pete. Inatoa umbo la resini, aina ya plastiki, na kuanzia hapo kazi ni ileile ya kusubu kwa nta, yaani kumimina madini mahali palipokuwa na umbo la nta, iliyofanywa na mafundi tangu kale. Unalimwagia plasta, ikishakauka unaiweka tanurini mpaka resini iungue yote, kisha unamimina fedha katika nafasi iliyobaki. Hapo ndipo wengi wanapolia. Resini ya kawaida huacha majivu, pete ikatoka na vishimo. Lazima iwe ile ya kusubia. Tanuri nalo lisizidi sana nyuzi 730 za Selsiasi, kwa sababu jasi iliyo ndani ya plasta huanza kuvunjika, ikatoa salfa, na fedha ikatoka nyeusi. Tena madini hunywea yakipoa, na sehemu nene hupoa mwisho. Njia ya kumiminia iunganishe hapo penye unene, la sivyo pete itakuwa na matundu usiyoyaona mpaka siku itakapokatika kidoleni mwa mteja.

Kwenye skrini pete huwa kubwa kama sahani. Kucha za kushika jiwe unaziona nene, unaridhika. Pitisha tupa na msasa uone kilichobaki! Anayejua tupa inakula kiasi gani huongeza unene tangu anapochora. Maarifa hayo yako kwenye vidole, na mama yako anayesoma hapa begani anasema nimeanza tena hotuba zangu.

Kulabu za hereni usizisubu kabisa. Fedha iliyomiminwa ni laini, inapinda. Waya uliovutwa kwenye bamba la matundu umekazwa na kule kuvutwa, ukiukunja unashika.

Shaba ya njano ndiyo itakayokupa taabu zaidi. Tunayeyusha kufuli na koki za mifereji mikuukuu, na hakuna faili litakalokuambia kilichochanganywa humo. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, kwa hiyo ukiona moshi mweupe umeshapita kiasi. Yeyusha nje, upepo ukiwa mgongoni mwako.

Printa usinunue bado. Chora huko Nairobi, mwenye mashine akuchapie, uje na maumbo hayo Desemba tusubu pamoja. Kabla ya hapo muulize chupa ya resini ya kusubia ni pesa ngapi na inatoa pete ngapi. Ukipata jibu nitumie, tupige hesabu kabla hujaanza kuzungumza na watu wa mikopo.

Baba yako